Incoronata na Mbwa Weupe wa Toppo

Wifi yangu Incoronata alikuwa mwoga wa mbwa. Sisemi aliwachukia. Wanaochukia mbwa ni wengi, nami nimo. Yeye aliwaogopa mpaka damu ikamhama usoni. Akimwona mbwa mbele ya duka la mkate, hata awe kizee cha mbwa kisicho na meno kimelala juani, Incoronata aligeuka, akashuka ngazi za kanisa, akazunguka nyuma ya nyumba ya muuza dawa, akaenda kugonga dirisha la jikoni kwa mwokaji. Mwokaji alishazoea. Mkate alimpitishia dirishani kama anamlisha mfungwa.

Montesordo ni mji mdogo, hakuna cha kuficha. Wanaume waliokaa baa wakimwona anapita walibweka. Mtu mzima na masharubu yake, "Hou! Hou!", na mwenzake anacheka mpaka kahawa inamtokea puani. Wakambandika jina la Sungura. Na kwetu sungura hana ujanja wowote, ni woga mtupu na masikio. Siku moja nilisimama mbele ya meza yao nikawaambia, "Haya, bwekeni tena, niwaletee mnyororo." Wakainamia vikombe vyao. Mimi wananijua.

Woga ule aliupata utotoni. Mama yake alimtuma ampelekee baba yake chakula shambani, mkate na pilipili za kukaanga kwenye kitambaa. Njiani akakuta kondoo. Na penye kondoo kwetu pana wale mbwa weupe, wakubwa kama ndama, wenye kola za miiba ya chuma ili mbwa mwitu asipate pa kuwakaba. Mmoja akamrukia, akamdaka begani, akambwaga. Hakumla. Alimshikilia tu pale chini, meno begani, anamhemea sikioni, mpaka mchungaji alipokuja. Kovu lake nililiona siku ya harusi yake nilipokuwa namfunga vifungo vya gauni. Lilikuwa kama mtu amechomwa na uma.

Tangu hapo akawa anajua habari za mbwa kuliko wenye mbwa. Alijua yupi ni wa nani, yupi hufunguliwa asubuhi, jike lipi lina watoto. Wachungaji wakipita mjini aliwaita kutoka dirishani, mwili wote ndani, kichwa tu nje, akawauliza: mbwa wenu akimwona mtu hufanyaje? Mtu akikimbia je? Akisimama je? Wao wakicheka, na bado wakimjibu. Mimi nikimwambia, "Wifi, mambo ya mbwa unayatakia nini? Kwani unataka kuolewa nao?" Naye akasema, "Nataka kujua siku ile watakaponijia."

Mumewe ni mdogo wangu Potito. Potito alikwenda Ujerumani kijana, akafanya kazi kiwanda cha magari mpaka mgongo ukakataa, akarudi na pensheni yake na baiskeli. Baiskeli ya kijani, ina gia, ina taa, ina kengele. Nilidhani ataitumia kwenda baa. La. Akaingiwa na wazimu wa Njia Kongwe.

Njia Kongwe ndiyo ile barabara ya Warumi inayopita chini ya mji wetu. Sisi tumezaliwa juu yake. Tulichungia mbuzi hapo, tukaanikia nyanya juu ya mawe yake, na nguzo yao moja ya maili mpaka leo inashikilia paa la banda la nguruwe la Mincuccio. Hapa chini ya makaburi mawe yamekaa vizuri, na yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni yao. Lakini ukipita mizeituni ya padri, barabara inaingia kwenye mashamba ya ngano na kupotea, kwa maana wenye matrekta wameyang'oa mawe na kuyatupa kingoni. Potito akataka kujua ilikwenda wapi. Kila alasiri anatoka na baiskeli, amefunga kijembe nyuma, anakwaruza udongo hapa, anakwaruza pale, akikuta jiwe anarudi nyumbani anang'aa kama amepata mtoto.

Mincuccio alimwambia mbele ya watu, "Wazee wenzako wana mahawara, wewe una barabara."

"Na barabara hainiombi viatu," Potito akajibu.

Siku ninayoisema ilikuwa Novemba, wakati wa kukamua zeituni. Nilikula kwao mchana. Incoronata alipika maharage na ngozi ya nguruwe. Potito alikula haraka haraka, jicho dirishani.

"Leo nafika Daraja Lililovunjika," akasema. "Nikitokea upande wa juu, kwa njia yenyewe, si kwa lami."

"Kuna nini darajani?" nikamuuliza.

"Kuna daraja."

"Na ukungu je?" Incoronata akauliza. "Tazama mlima, umeshavaa kofia."

"Ukungu si mbwa, Nata. Hauumi."

Akambusu kipajini, akaenda. Incoronata akabaki ameshika sahani.

Ukungu haukukawia. Ulishuka kutoka mlimani ukajaza uchochoro, nikiwa kwangu sasa, sioni hata mlango wa jirani. Nilikuwa nachambua chicory, mboga yetu chungu ya majani, Incoronata alipoingia bila kubisha. Simu mkononi, mdomo wazi, sauti haitoki. Nikamshika mabega nikamtikisa.

"Sema!"

"Potito," akasema. "Ameanguka. Mbwa walimkimbiza akiwa juu ya baiskeli. Kasema yuko darajani, mguu umevunjika, yumo majini hawezi kutoka. Halafu nikasikia mbwa, wifi. Niliwasikia ndani ya simu. Ikakatika."

Tukapiga simu ya msaada. Yule bwana wa simu alikuwa na adabu, lakini gari lao lilikuwa mji wa bondeni, na kwa ukungu ule, alisema, litakuja pole pole, na helikopta hairuki. Akauliza yuko wapi hasa. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba yuko Daraja Lililovunjika, penye zizi la zamani la mchungaji Nunziante. Wanaume wetu wote walikuwa kwenye kinu cha zeituni huko bondeni. Simu tukamwachia jirani Gelsomina, awapigie nao waende darajani, na watu wa msaada wakiuliza tena apatikane wa kuwajibu. Ndivyo tulivyofanya, na wakati ule tuliona ni akili.

Incoronata alikuwa ameshavaa buti. Kwapani ana koti la ngozi ya kondoo la mumewe.

"Wewe unakwenda wapi?" nikasema. "Mimi nitakwenda. Huko kuna mbwa."

"Nimewasikia."

"Sasa?"

"Sasa yumo majini, wifi. Usinisemeshe, nitakaa chini nisinyanyuke tena."

Nikachukua fimbo ya marehemu mume wangu, ya mti wa mkornelo, ngumu kama chuma, tukaenda.

Njia Kongwe ikiwa na ukungu si mahali pa mtu. Mawe yanateleza kama samaki. Unaona miguu yako na jiwe linalofuata, basi. Juu yetu mapangaboi ya umeme wa upepo, yale marefu waliyotuchomekea mlima mzima, yalikuwa yanazunguka bila kuonekana: vuu, halafu kimya, halafu vuu. Kila lilipopita Incoronata aliinamisha kichwa kana kwamba litamkata. Alinishika mkono wa koti.

"Ongea," akaniambia.

"Niongee nini?"

"Chochote. Nikinyamaza nawasikia."

"Huwasikii. Hakuna mbwa hapa."

"Nawasikia tu."

Basi nikaongea. Nikamsema Mincuccio, nikamsema mkewe, nikasema bei ya mafuta, nikasema Potito alivyokuwa mbishi tangu tumboni, alitoka miguu kwanza. Maneno yalitoka mdomoni yakanyonywa na ukungu, hayakufika popote. Tulipopita mizeituni ya padri mawe yakaisha. Tukaingia tope la ngano iliyopandwa juzi. Nilijua pale ni kwenda moja kwa moja, Warumi hawakuwa watu wa kupinda. Lakini moja kwa moja ni ipi, wakati mbele ni kama nyuma? Tulitembea, tukatembea. Nikakuta alama za buti kwenye tope. Nikafurahi, kumbe kuna mtu. Incoronata akaweka buti lake juu ya alama. Ikaenea sawasawa.

Akageukia upande mwingine. Nami nikamfuata.

Kulikuwa kunaanza kufifia, ile saa ambayo weupe unageuka kijivu. Nilimfikiria mdogo wangu majini. Maji yetu Novemba hayachezewi. Nikasimama, nikapiga kelele, "Potitooo!" Ukungu ukalimeza jina lake lote.

Hapo ndipo tukasikia kengele.

Ilikuwa kengele nzito, ya kondoo dume anayetangulia, halafu nyingine ndogo ndogo nyuma yake. Niliijua kengele ile kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Ya Nunziante. Tangu tukiwa watoto tuliambiwa hivi: ukishikwa na ukungu mashambani usihangaike, simama, ngoja kengele za Nunziante. Jioni kondoo wanakwenda zizini, na zizi liko darajani, na kutoka darajani njia ya kurudi mjini hata kipofu anaiweza. Kabla yake alikuwa baba yake, na babu yake, kengele zile zile. Hakuna mtu wa Montesordo ambaye hajawahi kuokolewa na tako la kondoo.

"Kengele!" nikasema. "Tumepona. Tuzifuate, zinatupeleka darajani."

Incoronata alikuwa ameganda.

"Penye kengele pana mbwa," akasema.

"Na penye mbwa ndipo penye mumeo. Twende."

Akanitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imeshikamana. Akaja.

Tukazifuata. Kengele zilikuwa mbele, hazikaribii wala haziendi mbali. Baada ya muda nikasikia jiwe chini ya buti, halafu jingine, mawe mapana ya Warumi. Nikamwambia, "Umeona? Njia yenyewe." Moyo ukanitulia. Wa Incoronata haukutulia.

"Wifi, tunapanda."

"Hatupandi."

"Tunapanda. Unahema kama mvukuto."

"Nahema kwa sababu ya umri."

"Daraja liko bondeni. Tangu lini mtu anapanda kwenda bondeni?"

Nilitaka kumjibu. Nimejibu watu maisha yangu yote, sikosi neno. Lakini hapo hapo nikaona, kama ninavyowaona ninyi, lori kubwa limesimama uwanjani mwezi wa Julai, na Nunziante anafuta macho kwa kofia, na kondoo wanapandishwa. Nunziante aliuza. Aliuza kondoo, aliuza mbwa, aliuza kengele. Aliyenunua ni Mromania mmoja aitwaye Ilie, na Ilie hakai darajani. Anakaa juu, Toppo, kwenye magofu ya shamba la zamani, mahali ambapo mtu wa kwetu hana sababu ya kwenda.

"Mungu wangu," nikasema. "Si darajani huku. Hizi zinakwenda Toppo."

Incoronata akauachia mkono wa koti langu. Hakulia. Alipiga magoti pale pale juu ya mawe. "Atakufa," akasema. "Tumemwacha nyuma. Atakufa peke yake."

Kurudi hatujui kwa kurudia. Mbele hakuna chetu. Na mchana unakwisha. Nikamshika kwapa nimnyanyue, na hapo mbwa akabweka. Karibu. Sauti nzito, mara moja, kama mtu anayesema "Nani?". Wa pili akajibu upande wa pili. Na katikati yao, chini kidogo, kitu kikalia: kring, kring.

Kengele ya baiskeli.

Tulitazamana. Kring, ikalia tena, dhaifu, kisha sauti ya Potito: "Nani hapo? Nani?"

Nikaelewa yote kwa mkupuo. Naye alishikwa na ukungu kwenye ngano. Naye alisimama akangoja kengele, kama tulivyofundishwa sote na mama mmoja. Akazifuata, akaona mawe ya Warumi, akaona tao la mawe juu ya maji, kidaraja kingine cha Warumi, akadhani yuko darajani. Akatuambia yuko darajani. Nami nikamwambia yule bwana wa simu, na Gelsomina akawaambia wanaume, na kila mwenye miguu kwa saa ile alikuwa anakwenda bondeni, Daraja Lililovunjika, ambako hakuna mtu. Toppo hakuja mtu. Toppo tulikuwapo sisi.

"Potito!" nikaita. "Ni sisi! Vumilia!"

"Dada," akasema. "Maji." Halafu akasema kitu kingine, ulimi mzito kama wa mlevi, sikukielewa. Halafu kimya.

Nikapiga hatua. Ndipo walipotokea.

Kwanza niliona kola. Miiba ya chuma inaelea hewani yenyewe, maana mbwa ni mweupe na ukungu ni mweupe. Kisha macho, kisha mdomo. Watatu. Nyuma yao kondoo wamelala barabarani mpaka kingoni, kama mawe mengine juu ya mawe, na mbwa wamekaa kati yetu na kondoo, na Potito yuko upande ule wa kondoo. Mkubwa hakubweka tena. Aliinamisha kichwa usawa wa mabega, akaja taratibu, na mngurumo wake niliusikia kwenye soli za buti kabla sijausikia masikioni.

Nikainua fimbo.

"Wifi," Incoronata akasema nyuma yangu, sauti ndogo sana. "Weka fimbo chini."

"Siweki. Ngoja nimpasue."

"Utampasua mmoja, wawili watakupasua wewe. Weka chini."

"Nimekwambia siweki!"

"Lucietta!" Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina, miaka yote ile. "Wanaona mtu mwenye fimbo. Hawaoni mwanamke mzee, wanaona fimbo. Iweke, usiitupe. Kisha usimtazame machoni. Tazama kondoo."

Mkubwa alikuwa ameshafika ninapoweza kunusa mdomo wake. Nikaiweka. Nasema mpaka leo ile fimbo ilikuwa fimbo nzuri na ningempata mmoja, lakini niliiweka.

Incoronata akapita kando yangu, akakaa chini. Alikaa matako kwenye jiwe la Warumi lenye maji, miguu mbele, mikono mapajani, kichwa ameinamisha, shingo wazi. Yule anayezunguka kanisa kwa sababu ya kizee cha mbwa alikaa chini mbele ya mbwa watatu kama anayengoja kukatwa nywele.

"Unafanya nini, mwendawazimu?"

"Nimeuliza wachungaji wote," akasema bila kugeuka. "Wote wamesema hivi. Aliyekaa si adui. Nyamaza sasa, wifi, nakuomba. Nyamaza kabisa."

Nilinyamaza. Waulize Montesordo kama wameshawahi kuniona nimenyamaza.

Mkubwa akamjia. Akamnusa buti, akamnusa goti. Akampanda na pua yake kifuani, mate yanadondoka juu ya kitambaa, akafika begani, bega lile lile, akasimama hapo. Niliona nywele za Incoronata zikicheza kwa pumzi yake. Niliona mkojo ukimtoka na kushuka kwenye mfereji wa magurudumu, na hakusogea. Alikuwa anasema kitu, midomo tu. Sijui kama ni sala au ni jina. Mapangaboi yalipita, vuu. Mbwa akafungua mdomo, nikafumba macho.

Nilipofumbua, mbwa alikuwa amemwacha, anamnusa mgongo. Na Incoronata alikuwa anakwenda. Hakusimama. Alikuwa anajisukuma kwa mikono, matako juu ya mawe, jiwe moja, anatulia, jiwe jingine, anatulia. Mbwa mmoja akamfuata ubavuni. Wa pili akaninguruma mimi, nikakodolea kondoo macho mpaka yakaniwasha. Incoronata aliingia katikati ya kondoo. Kondoo wakajibanza wakampisha, mmoja akakohoa kama mzee. Ukungu ukamchukua miguu, halafu mgongo, na mwisho kitambaa chake cheusi cha kichwani. Nikabaki peke yangu na mngurumo.

Woga niliouonja pale sina cha kuupimia. Simsikii Potito. Simsikii Incoronata. Nikawaza: akipiga kelele nitafanya nini? Na asipopiga je?

Kisha maji yakapiga chubwi, kitu kikakwaruza jiwe, na Incoronata akasema, "Shika shingo yangu. Shika. Potito, shika, mbwa wewe!"

Tusi lile lilinipa uhai.

"Yu hai?" nikaita, chini chini.

"Sijui! Hanijibu! Ana baridi kama chuma!"

"Mtoe majini!"

"Mguu uko ndani ya baiskeli! Wifi, wamenizunguka, wamesimama juu yangu!"

"Usiwatazame!"

"Siwatazami!"

Nilisikia anavuta. Anaguna kama mwenye uchungu wa kuzaa, anavuta, anapumzika. Baiskeli ikaanguka kwenye mawe, na kwa mlio ule mbwa wote wakalipuka kubweka, sauti zikapiga magofu zikarudi maradufu. Nikajua basi. Nikainama kuchukua fimbo yangu, na mkono wangu ulikuwa juu yake mluzi ulipotoka juu ya kilima. Mrefu, unapanda mwishoni. Mbwa wakakatika kama redio iliyozimwa.

Ilie alishuka na taa, mwanakondoo amempakata ndani ya koti. Alikuwa amekwenda kumtafuta kondoo jike aliyepotea, mama yake huyo.

"Mama, usisogea," akaniambia kwa lugha yake ya kuokoteza. "Nani analia huku?"

"Ndugu yangu yumo kwenye tao lako! Wewe na mbwa zako wa laana!"

"Mbwa anafanya kazi," akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Tulimkuta Potito kwenye mawe, nje ya maji, mguu umegeuka pasipogeuka. Incoronata amemfunika koti la ngozi na juu ya koti amejilaza yeye mwenyewe, uso kwa uso, amemkamata kifuani kwa mikono miwili. Mbwa mkubwa amelala kando, ubavu wake mgongoni mwa wifi yangu. Ilie akambeba Potito mpaka kwenye gari-nyumba lake, akawasha jiko, akapiga simu. Nilimnyang'anya nikasema mwenyewe: "Si darajani! Toppo! Toppo, msikie!"

Muda wote huo Incoronata hakumwachia. Walikwenda kama mzigo mmoja, Ilie akitembea kinyumenyume mlangoni ili wapite. Wifi alikaa sakafuni kando ya kitanda, ngumi zimefumba kwenye sweta la mumewe, macho yamekodoka hayatazami mtu. Nilimsemesha, wapi. Nilimpa maziwa ya moto, yakamwagika kidevuni. Nje mbwa walipita pita, kucha zao zikigonga mawe, na kila zilipogonga ngumi zilikaza.

Watu wa msaada walifika, mmoja msichana mwenye koti la rangi ya chungwa. Alimpima Potito, akamkata suruali, akamchoma sindano. Alisema kidogo tena majini na wasingekuwa na mtu wa kumpima. Kisha akataka kumfungua sweta, haiwezekani, ngumi ziko pale. Akajaribu kidole kimoja.

"Mama, uniachie nafasi."

Incoronata hakusikia.

"Wifi," nikamwambia, "mwachie daktari."

"Kwanza aniambie," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu pale kwenye tao. "Mimi siwezi kumtazama. Aniambie yeye."

"Akwambie nini?"

"Kama nimeshika mtu au nimeshika maiti."

Yule msichana akaweka sikio mdomoni kwa Potito. Naye Potito alikuwa ananong'ona kitu, meno yanagongana. Msichana akasikiliza, akainuka.

"Anauliza baiskeli," akasema. "Anasema msiiache majini, gia zitaingia kutu."

Incoronata akavuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyekwisha kulia. Vidole vikaanza kufunguka, kimoja, kisha kingine, na msichana akapitisha mkasi.